Kwa nini bima kubwa ya S-Class ya 2014 inazidi ya gari jipya la kawaida?

mpya_w222

Wakuu, naomba ufafanuzi kwa wanaoijua bima ya magari kiundani. Gari ni Mercedes-Benz S-Class ya 2014, ile ya toleo la W222, mtumba. Bei yake sokoni leo inakaribiana na ya sedani mpya ya kawaida, ila ada ya bima kubwa ninayotajiwa inaizidi mbali ile ya sedani, na kampuni moja imekataa kabisa kwa sababu ya umri wa gari. Maswali yangu:

Ada inapandishwa na nini ikiwa thamani ni ileile? Nikiandikisha thamani ya chini ili ada ipungue, kuna ubaya gani? Eksesi nichague ya juu au ya chini? Na gari likikodishwa mara mojamoja kubeba maharusi, inabadilisha chochote?

mtathmini_hasara

Mkuu, anayepanga ada anajiuliza maswali mawili: gari likipotea lote nitalipa ngapi, na likigongwa kidogo nitalipa ngapi. Kwa swali la kwanza gari lako na sedani ni sawa. Kwa la pili hayakaribiani kabisa, maana gari limeshuka bei lakini vipuri vyake havijashuka. Taa ya mbele ya W222 bado inauzwa kama taa ya gari lililokuwa kileleni mwa orodha ya Mercedes-Benz. Gari zima halina hata balbu moja ya kizamani, ni LED kila mahali, kwa hiyo ukipasua kioo cha taa hununui balbu, unanunua taa nzima.

Chukua tarakimu za mfano tu, fedha yoyote. Gari lina thamani ya 1,000. Limegonga kwa mbele, si ajali ya kutisha: taa mbili 120, bampa na grili 50, boneti 60, rejeta na kondensa ya AC 50, rada ya mbele 40, mifuko ya hewa miwili pamoja na mikanda na kompyuta yake 150, kazi na rangi 130. Jumla 600. Sedani ikipigwa hivyohivyo haifiki hata nusu ya hapo. Kila kampuni ina kiwango chake cha kuacha kutengeneza na kulihesabu gari kuwa hasara kamili, na mara nyingi huwa kati ya nusu na robo tatu ya thamani. S-Class yako inafika hapo kwa mgongano ambao sedani ingetoka nao gereji na kurudi barabarani. Mwaka kesho thamani imeshuka tena, vipuri viko palepale, kiwango kinafikiwa mapema zaidi. Ndiyo maana kuna kampuni inayokataa gari kwa umri. Haimaanishi kwamba gari lako ni bovu.

Zingatia hapo kwenye mikanda. Kikaza mkanda hufanya kazi kwa baruti ndogo, kikishalipuka hakirudi, kinabadilishwa. Makadirio yanayotaja mifuko ya hewa bila mikanda yamepungukiwa. Yarudishe.

Sasa eksesi, yaani kiasi unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Kabla ya kuuliza asilimia ngapi, uliza ni asilimia ya nini. Asilimia 5 ya dai na asilimia 5 ya thamani ya gari ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwa gari la 1,000 na dai la 300, ya kwanza unabeba 15, ya pili unabeba 50. Halafu karibu kila mkataba una maneno "isiyopungua kiasi fulani": ikiwa kima cha chini ni 20, basi ile 15 inakuwa 20. Kwenye gari la kifahari eksesi ya asilimia ya thamani inauma sana kwa madai madogo, kwa sababu kioo cha pembeni cha 40 hakifiki hata kwenye mstari wa kulipwa.

Juu au chini? Piga hesabu, usibahatishe. Tuseme kupandisha eksesi kutoka 25 hadi 50 kunakupunguzia ada kwa 6 kwa mwaka. Tofauti ya 25 gawa kwa 6, ni miaka minne na kidogo. Ukiona unaweza kukaa muda mrefu zaidi ya huo bila kudai, chukua ya juu. Lakini iwe fedha unayoweza kuitoa siku hiyohiyo, kwa sababu gereji haikuachii gari kabla hujalipa sehemu yako.

bodi_na_rangi

Naongezea upande wa gereji, maana hapo ndipo ada inapozaliwa.

Ngozi ya nje ya W222 ni alumini, hadi paa. Bati la chuma ukilipasha moto linabadilika rangi na kukuambia limefika wapi. Alumini haibadiliki rangi, inayeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi bila kukuonya, kwa hiyo inapashwa kwa kipimajoto mkononi. Ukiivuta ikiwa baridi inapasuka. Brashi na msasa uliokwishagusa chuma haviruhusiwi kuigusa, kwa sababu chembe za chuma zinabaki ndani na kutu ya alumini inaanza kufura chini ya rangi mpya. Gereji inayofanya kazi hii sawasawa ina chumba na vifaa vya pembeni, nayo inalipisha kwa hilo. Gereji isiyo navyo inabadilisha paneli nzima au inaharibu.

Kioo cha mbele nacho kiangalieni kwa makini. Kama gari linaonyesha kasi kwenye kioo, ile filamu ya plastiki katikati ya tabaka mbili za kioo imekatwa kwa mteremko, juu nene na chini nyembamba. Mteremko huo ndio unaofanya mwanga unaoakisiwa na uso wa ndani na ule wa nje ukutane mahali pamoja. Weka kioo cha bei rahisi chenye filamu ya unene mmoja, namba zinaonekana mbilimbili, moja ikielea juu ya nyingine, na hakuna marekebisho ya kompyuta yatakayoziunganisha. Ni kutoa kioo na kuweka kingine.

Magari mengi ya toleo hili yana kamera ya macho mawili nyuma ya kioo. Kioo kikibadilishwa kamera inapimwa upya: sakafu iliyonyooka, upepo wa matairi sawa, shokapu za hewa zikiwa kwenye kimo cha kawaida, kisha kompyuta ya uchunguzi. Kwa hiyo makadirio ya kioo yawe na mistari minne: kioo chenyewe, gundi, ile jeli ya kihisio cha mvua, na upimaji wa kamera. Omba karatasi ya matokeo ya upimaji. Mikataba mingi inaweka kikomo cha fidia ya vioo kilichopangwa kwa magari ya kawaida, na kioo cha aina hii kinakipita. Kikomo hicho hupandishwa kwa nyongeza ndogo ya ada, na binafsi naona ndiyo nyongeza ya kwanza ya kuchukua kwenye gari hili.

Bampa: rada za kuangalia pembeni zimejificha nyuma ya bampa la nyuma. Fundi akijaza puti mbele ya rada au akapiga rangi juu ya rangi ya zamani mara kadhaa, mawimbi yanadhoofika na taa ya onyo inawaka, pengine wiki moja baada ya kukabidhiwa. Wakati huo umeshasaini kwamba umeridhika na kampuni imefunga faili. Dai upimaji wa rada kabla ya kusaini.

Shokapu za hewa zikichoka kwa umri bima hailipi, huo ni uchakavu. Zikiumia kwa ajali inalipa, ila lazima ionekane mapema. Gurudumu likipigwa, egesha gari mahali tambarare, pima kwa futi kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa bodi juu yake, magurudumu yote manne, pima tena asubuhi. Kona moja ikiwa imelala, piga picha futi ikiwa hapohapo na umpelekee mtathmini kabla hajafunga ripoti.

mpya_w222

Asanteni sana. Hapo kwenye thamani ndipo bado sijaelewa. Na je, nikiandikisha ya juu zaidi, si nitalipwa zaidi likipotea?

dalali_wa_bima

Ndugu, pande zote mbili unapoteza.

Ukiandikisha pungufu, kampuni inalipa kwa uwiano. Kanuni ni hii: thamani uliyoandikisha, gawa kwa thamani halisi, zidisha kwa hasara. Gari la 1,000 umeandikisha 700. Hasara ni 300. Utahesabiwa 210, kisha eksesi inakatwa. Wengi wanadhani upungufu unaonekana gari likipotea tu, kumbe unakata hata kwenye taa moja. Linganisha ulichookoa kwenye ada na 90 uliyotoa mfukoni kwa dai moja.

Ukiandikisha zaidi, tuseme 1,300, unalipa ada ya gari la thamani hiyo na likipotea unalipwa bei ya soko ya siku ya hasara. Isipokuwa mkataba wako ni wa thamani ya makubaliano, ambapo kiasi kimeandikwa na kukubaliwa tangu mwanzo. Kwa gari adimu au lililotunzwa kupita kiasi huo ni mkataba mzuri, lakini unahitaji ripoti ya mthamini inayokubalika na kampuni. Kwa vyovyote vile thaminisha upya kila unapohuisha bima. Ringi za gharama, mfumo wa muziki, filamu ya kulinda rangi, vyote viorodheshwe na bei zake, maana kisichoorodheshwa kinahesabiwa kama hakipo.

Maharusi: ndiyo, inabadilisha kila kitu. Bima ya matumizi binafsi inakoma pale fedha inapopokelewa kwa ajili ya gari. Hata mara moja. Mtathmini akiona mapambo ya maua kwenye picha za ajali anauliza, na abiria wanajibu ukweli. Una njia mbili: kata bima ya kukodisha kwa mwaka mzima, au omba kibali cha maandishi cha siku husika, na kampuni nyingine hutoa kwa nyongeza ya ada. Ahadi ya simu haitoshi. Dereva naye awe kwenye orodha, maana wa umri mdogo au mwenye leseni mpya ana eksesi yake ya ziada juu ya ile ya kawaida.

Kuna kifungu kimoja ambacho wenye magari haya hawakisomi, nacho ni cha vipuri visivyopatikana. Mara nyingi kinasema kampuni itawajibika kwa bei ya orodha ya mwisho ya mtengenezaji, bila gharama ya kuvisafirisha kwa ndege. Kipuri kikiagizwa kutoka nje, ukitaka kije haraka tofauti ni yako. Ukikubali kije kwa meli, gari linakaa gereji miezi, na fidia ya kukosa gari, kama uliinunua, ina idadi ya siku. Iulize idadi hiyo kabla hujasaini.

usalama_wa_gari

Wizi haujaguswa. Kwa gari linalofunguka bila kubonyeza ufunguo, wezi wawili wanatosha: mmoja anasimama karibu na mlango wa nyumba akiwa na kifaa cha kunasa mawimbi ya ufunguo, mwingine yuko mlangoni mwa gari. Pochi ya kuzuia mawimbi inafanya kazi mradi ikae na ufunguo wa akiba pia. Ijaribu: ufunguo ukiwa ndani ya pochi, sogea hadi mlangoni, gari lisifunguke.

Kama mkataba unadai kifaa cha kufuatilia gari, usajili wake uwe hai siku zote. Kifaa kilichofungwa lakini hakijalipiwa kinahesabiwa kama hakipo, na dai la wizi linaweza kukataliwa. Kampuni itataka pia funguo zote mbili. Mtumba ulionunuliwa na ufunguo mmoja, tamka hivyo kwa maandishi siku ya kukata bima, na mwambie fundi aufute ule uliopotea kwenye kumbukumbu ya gari.

mtathmini_hasara

Moja tu juu ya maji, kwa sababu magari haya yana kompyuta sehemu za chini ya sakafu. Gari likizimika ndani ya maji usijaribu kuliwasha tena. Maji yakiwa yameingia kwenye silinda hayakandamiziki, fito za pistoni zinapinda, na kampuni itasema injini imevunjika kwa sababu uliiwasha, si kwa mafuriko. Ukiweza kulifikia bila hatari, toa waya hasi wa betri. Piga picha ya alama ya maji kwenye mlango kabla haijakauka, livutwe kwa gari la kubeba, na mtathmini alikute halijawashwa.