Mada: Skrini ya nje inapepesa, duka na ofisi wananitupia mpira

Kutoka: Mama Tunu, Hamburg

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Naombeni msaada, jambo hili limenifika shingoni. Mwezi wa pili nilinunua skrini ya inchi 27 ya 4K pamoja na doki ya USB-C, kile kisanduku cha kuunganisha laptopu na vifaa vingine, dukani hapa mjini, kwa ajili ya Homeoffice, kazi za nyumbani kwangu. Laptopu ni ya kazini. Tangu mwanzo skrini inazima kama mtu anayefumba jicho, inarudi, inazima tena. Siku nyingine haizimi ila inapepesa, na vimstari vyeupe vinapita upande wa kulia. Nikifungua jedwali kubwa la hesabu ndiyo balaa. Hadi jioni kichwa kinagonga.

Nikaipeleka dukani. Wamekaa nayo wee, wakairudisha na karatasi kwamba hakuna kasoro iliyoonekana, na Rechnung, yaani ankara, ya euro 59 za ukaguzi juu yake. Nikawapigia IT wa kazini: skrini si yetu, ongea na duka. Duka nao: laptopu si yetu, ongea na mwajiri wako. Jana imekuja barua ya pili, wamenipa siku 14.

Swali langu ni moja tu. Hizo 59 nilipe au nisilipe?

Kutoka: Fundi, Leipzig

Dada, pole sana. Kabla ya pesa tujue ugonjwa uko wapi. Mimi kazi yangu ni hii kila siku, na nakwambia mara nyingi skrini inasingiziwa. Kosa huwa kati ya laptopu na skrini: kebo, doki, au kasi uliyoiomba.

Fanya hivi. Ikianza kupepesa, bonyeza kitufe cha skrini yenyewe ili menyu yake itokee, ile ya mwangaza na rangi. Menyu ikitulia huku picha ya nyuma inacheza, basi skrini ni nzima, shida ni mawimbi yanayoifikia. Menyu nayo ikipepesa, hapo kweli skrini au umeme wake una walakini.

Pili, kwenye Windows fungua Task Manager. Ikicheza pamoja na vingine vyote, tazama draiva, programu inayoendesha kadi ya picha. Ikitulia peke yake, kuna programu inayoleta vurugu. Microsoft wenyewe ndivyo wanavyoelekeza.

Tatu, na hili ndilo ninalolishuku: shusha kasi ya skrini, yaani mara inazochora picha kwa sekunde, kutoka Hz 60 hadi 30. USB-C ina jozi nne za waya za kasi. Doki nyingi huchukua jozi mbili kwa data ya USB 3, picha inabakiwa na mbili. Sasa 4K kwa Hz 60 inahitaji takriban gigabiti 12.5 kwa sekunde. Kwa DP (DisplayPort, njia ya kupitishia picha) toleo la 1.2 jozi mbili zinabeba 8.64 tu, haiwezekani kabisa. Kwa DP 1.4 zinabeba 12.96. Inapita, lakini kwa kubana mno, na kebo ikiwa dhaifu kidogo tu picha inakatika. Ikitulia kwenye 30, umeshapata jibu.

Kebo yako ni ipi? HDMI au DP? Kama ni DP ya bei ya chee, zipo zilizounganisha pini namba 20 mwisho hadi mwisho. Ile pini ni ya umeme, kebo ya kawaida haitakiwi kuiunganisha. Nimeshaona skrini zikizinduka na kuzima ovyo kwa sababu hiyo tu. Kama ni HDMI, tafuta yenye lebo ya Premium High Speed, na isiwe ndefu. Mita mbili zinatosha.

Kutoka: Mwana wa Kisauni, Reading

> Hizo 59 nilipe au nisilipe?

Usilipe hata ndururu, dadangu! Consumer Rights Act ya 2015 iko wazi. Ndani ya siku 30 warudisha mali wapewa pesa zako zote, na ndani ya miezi sita ni wao wenye kuthibitisha kuwa kitu kilikuwa kizima ulipouziwa. Kama ulilipa kwa kadi ya mkopo, enda Section 75 ya sheria ya mikopo, benki yako ikurudishie. Mimi nilifanya hivyo kwa friji na walinilipa bila maneno mengi. Hawa watu wa maduka wakisikia lafudhi yako wanadhani hujui haki zako.

Kutoka: Binti Karlsruhe

Kaka Kisauni, soma kwanza ndipo ujibu. Mama Tunu yuko HAMBURG. Sheria ya Uingereza inamsaidia nini? Section 75 hapa haipo. Kila mara mtu wa Ujerumani akiuliza unakuja na ya Reading, na kuna watu humu wanayafuata kweli, halafu wanaumia.

Mama Tunu, shikamoo. Hapa unashika BGB, sheria ya kiraia ya Ujerumani, § 477. Kwa vitu vilivyonunuliwa tangu 1 Januari 2022, kasoro ikitokea ndani ya mwaka mmoja inahesabiwa kwamba ilikuwepo tangu mwanzo, muuzaji ndiye athibitishe vinginevyo. Gewährleistung yenyewe, yaani wajibu wa muuzaji kwa kasoro, ni miaka miwili. Zile siku 14 za kurudisha bila sababu ni za kununua mtandaoni, wewe ulinunua dukani kwa hiyo zisahau.

Kuhusu gharama za ukaguzi, BGH, mahakama kuu ya shirikisho, waliamua 2008 kwamba mnunuzi anaweza kudaiwa ikiwa alijua, au kwa uzembe hakutaka kujua, kwamba kasoro haiko kwenye bidhaa bali upande wake mwenyewe. Sasa wewe ulijua? Ndiyo maana nataka kwanza uone majibu ya vipimo vya Fundi. Usiandike chochote dukani kabla ya hapo.

Kutoka: Mzee wa Bonn

Wanangu, nimefurahi kuona mnasaidiana.

Mimi naomba Mama Tunu atazame kiti chake. Nasema kiti. Skrini yangu ilikuwa ikizima kila ninaposimama kwenda kuchemsha chai, nami nikiwa mbali nayo haizimi. Hivi viti vya ofisi vyenye bomba la gesi la kupandisha na kushusha, ukikaa au ukiinuka vinatoa cheche ndogo ya umeme tuli, na kebo ya picha inainasa kama antena. Msidhani ni uzee: kampuni ya DisplayLink, ambayo chipu zake zimo kwenye doki nyingi, imeliandika jambo hili kwenye kurasa zao za msaada. Majira ya baridi, hita zikiwaka na hewa ikikauka, ndiyo linazidi. Nilibadilisha kebo nikachukua yenye kile kidude kinene cha ferrite karibu na ncha, nikaisogeza mbali na kiti. Ikatulia.

Zamani kwenye skrini za chogo tulikuwa tukiweka Hz 85 ili macho yapumzike, maana kwa 60 ulikuwa unaona kabisa inavyotetemeka. Hizi za leo 60 inatosha. Kwa hiyo asije mtu kukwambia tatizo ni Hz kuwa chache.

Kutoka: Kijana wa Mwanza, Dresden

Mama Tunu shikamoo, Mzee shikamoo.

Chaja ya laptopu umeichomeka vipi? Nauliza kwa sababu mimi nilikuja na chaja yangu ya nyumbani, ile pini tatu za pembe nne, nikawa natumia adapta ya msafiri. Adapta nyingi za namna hiyo hazina ethi. Skrini ya nje ilikuwa inacheza laptopu ikichaji, ukichomoa chaja inatulia. Nilinunua waya mpya wa Schuko, plagi ya huku, wenye ethi kwa euro chache, basi. Jaribu kuchomoa chaja utumie betri uone.

Na hiyo skrini angalia isije ikakuletea barua ya GEZ, wale wa ada ya redio na TV, wakikuta una kitu kinachoonyesha TV.

Kusema kweli nikisoma uzi huu nimeikumbuka nyumbani. Kule taa ikipepesa mara mbili, mama anasema chomoeni friji, na kweli dakika haipiti umeme umekwenda. Nyumba nzima inatoka barazani, watoto wanapiga kelele, jirani anakuja na taa yake, stori zinaanza. Huku umeme haukatiki na hakuna anayegonga mlango.

Kutoka: Binti Karlsruhe

> angalia isije ikakuletea barua ya GEZ

Jamani! GEZ haipo tangu 2013. Sasa ni Beitragsservice, na ada yenyewe, Rundfunkbeitrag, inalipwa kwa NYUMBA, euro 18.36 kwa mwezi, uwe na TV kumi au usiwe na hata redio. Skrini haihusiki kabisa. Tusitishane.

Kutoka: Mwana wa Kisauni, Reading

Sawa binti, nimesikia, la Uingereza nimeliweka kando. Lakini kuna sheria ya Ulaya nzima, na hata sisi tuliirithi: Direktivu 90/270 ya 1990 kuhusu kazi za skrini. Imeandikwa kwamba picha iwe imetulia, isipepese. Hiyo ni wajibu wa MWAJIRI. Kwa nini dada anunue skrini kwa pesa zake? Hapo ndipo pa kuanzia.

Na wewe kijana wa Mwanza, stima mnayo sasa, Bwawa la Nyerere ni megawati 2,115. Rudi nyumbani ujenge nchi.

Kutoka: Kijana wa Mwanza, Dresden

Kurudi si rahisi hivyo, kaka. Nimeomba Einbürgerung, uraia wa huku. Wajerumani tangu 27 Juni 2024 wanakuruhusu ubaki na uraia wako, lakini kwetu nikichukua wa huku naupoteza wa kwetu. Nitaingia nchi niliyozaliwa kama mgeni. Mama yangu hataki hata kulisikia. Wakenya mmeruhusiwa tangu katiba ya 2010, kwenu kuongea ni rahisi.

Kutoka: Mwana wa Kisauni, Reading

Hatukupewa zawadi, tuliipigania katiba hiyo. Pazeni sauti nanyi.

Kutoka: Msimamizi

Ndugu, uraia una uzi wake na mjadala bado uko wazi kule. Hapa tumsaidie Mama Tunu, ana tarehe ya mwisho.

Kutoka: Fundi, Leipzig

Kaka Kisauni kagusa penyewe kuhusu direktivu, lakini kuna kona. Kwa Ujerumani imo ndani ya ArbStättV, kanuni ya mahali pa kazi, nayo inatofautisha Telearbeit, yaani kazi ya nyumbani iliyopangwa rasmi, na kufanya kazi ukiwa popote. Ni Telearbeit pale tu mlipokubaliana hivyo kwenye mkataba au makubaliano mengine, na mwajiri ndiye aliyeweka meza, kiti na vifaa nyumbani kwako. Wengi wetu mkataba unasema mobiles Arbeiten, kazi popote, hapo kipengele hicho hakikushikii mtu. Dada, mkataba wako unasemaje?

Kutoka: Mzee wa Bonn

Kama imekushinda kabisa, Mama Tunu, usiumize kichwa. Kuna watu wanajaza kontena la Mombasa na Dar, bandari iko mlangoni kwako. Kule fundi wa mtaani ataifungua na kuitengeneza kwa siku moja, na mtoto fulani atapata kitu cha kusomea.

Kutoka: Fundi, Leipzig

Mzee, shikamoo, na samahani nakupinga mbele ya watu. Kifaa kilichotumika kikisafirishwa nje ya EU kinatakiwa kiwe kimepimwa, kinafanya kazi, kina karatasi ya kipimo na kimefungwa vizuri. Kisichofanya kazi kinahesabiwa taka, na tangu 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za elektroniki ziwe na ridhaa ya nchi inayopokea kabla hazijaondoka. Zoll, watu wa forodha, wakifungua kontena likakutwa na jina la Mama Tunu, 59 atazikumbuka kwa hamu.

Na mbali na sheria, inaniuma. Nimekulia Dar, nimeona vijana wanachoma waya jioni wapate shaba, moshi mweusi unaingia madarasani. Mafundi wetu ni hodari, hilo halina ubishi, lakini kati ya vitu kumi wanavyoletewa vingapi vinafufuka? Vinavyobaki vinakwenda wapi? Tupeleke vizima. Vibovu viishie huku vilikotengenezewa mashine ya kuvichakata.

Kutoka: Mzee wa Bonn

Marahaba. Hilo nimelipokea.

Kutoka: Mama Tunu, Hamburg

Ahsanteni wote, Mungu awabariki. Nimefanya mlivyosema.

Menyu ya skrini imetulia, picha ya nyuma ndiyo inayocheza. Kwenye Hz 30 imetulia kabisa, ila mshale wa panya unajivuta, kazi haziendi. Nimejaribu na betri peke yake, mabadiliko hakuna. Kiti nimekisogeza, hakuna. Halafu binti yangu akachukua kebo ya HDMI ya TV akaunganisha laptopu na skrini moja kwa moja bila doki, Hz 60, tumekaa nayo jioni nzima haikupepesa hata mara moja.

Mkataba unasema mobiles Arbeiten. IT wamesema doki za ofisi zipo lakini ni za wanaofika ofisini.

Sasa 59 je?

Kutoka: Binti Karlsruhe

Mama, hapo kuna jambo kubwa. Doki ulinunua duka lile lile, risiti moja na skrini? Kama ndiyo, wao walipima skrini peke yake, na kitu kibovu walichokuuzia wakakuachia nyumbani. Uliwaambia kwa maandishi kwamba unatumia na doki yao? Tafuta karatasi uliyojaza siku ya kwanza pale kaunta, soma walichoandika kwenye sehemu ya maelezo ya kasoro, kila kitu kinategemea mstari huo. Ipige picha uitume humu, ufiche jina na namba ya mteja.

Doki ipeleke kesho pamoja na kebo yake ile ile, usibadilishe. Waambie unataka Nacherfüllung, yaani watengeneze au wabadilishe, kwa doki, ifanye kazi kwa Hz 60, na mwenye kupokea aandike kwa mkono wake kwamba kaipokea. Karatasi hiyo usiondoke bila nayo. Wakikataa, Verbraucherzentrale Hamburg, kituo cha kutetea wateja, wanatoa ushauri, ila weka miadi mapema.

Kutoka: Kijana wa Mwanza, Dresden

Na kama wakikupa doki nyingine, uliza kwanza kama ni DP 1.4, na laptopu ya kazini pia. Mmoja akiwa 1.2 utarudi hapa hapa.