Timu ndogo kupeleka mechi za Simba na Yanga mkoa mwingine: njaa au akili?

Mgosi wa Ngamiani: Wadau, tuliongee hili bila matusi. Timu ya mkoani ina mechi 15 za nyumbani kwa msimu. Zinazojaza uwanja ni mbili tu, ya Simba na ya Yanga. Siku hizi kumezuka mtindo, hizo hizo mbili ndizo zinazohamishiwa mkoa mwingine kwenye uwanja mkubwa, sisi tunaachiwa mechi za Jumatano saa nane jua la utosi. Mimi ni Coastal Union ya Tanga tangu nabebwa begani. Sitaji klabu, zinajijua. Ila nauliza: ukicheza "nyumbani" mkoa wa tatu, hapo bado una nyumba?

Mhasibu Mstaafu: Mgosi, mapenzi hayalipi mishahara. Mapato ya mlangoni ni ya mwenyeji. Ukiingiza watu mia tatu mzungukoni, ukatoa makato yote, kinachobaki hakiwafikishi wachezaji Mwanza kucheza na Pamba Jiji. Mechi moja ya Yanga kwenye uwanja mkubwa inalisha kambi miezi. Mngekuwa mnaingia hizo Jumatano tusingekuwa na mjadala huu.

Jangwani Damu: Tusidanganyane. Hao mashabiki wa Coastal, Yanga ikitua kwenye uwanja wao wa Mkwakwani, nusu yao chini ya jezi nyekundu wamevaa kijani. Bao likiingia, ya juu inavuliwa. Sasa viongozi wawaonee huruma ya nini?

Mgosi wa Ngamiani: Hapo umenivunjia heshima. Nataja timu yangu, wewe unanivua nguo! Ngamiani barabara ya 12 njoo uulize, hakuna asiyenijua. Nyinyi wa Dar mkishapewa timu na redio mnadhani kila mtu kapewa na redio.

Kimanumanu 36: 😂😂 Mgosi kachomwa. Sisi wa African Sports, hapo hapo Tanga, tuko huku ligi za chini, Simba haji, Yanga haji, jezi yetu chini yake kuna singlendi tu. Na tumeanza 1936, nyie 1948. Shikamoo hatujaisikia bado.

Mgosi wa Ngamiani: Shikamoo ya umri tutawapa. Mazungumzo ya 1988 mnayaweza? Sisi Coastal, Wagosi wa Kaya, tulichukua ubingwa wa nchi.

Kimanumanu 36: 1988, 1988! Aliyezaliwa siku ile leo anapaka piko kuficha mvi.

Bi Chumbageni: Mimi ni Simba na ni Coastal, na sijifichi. Simba niliipata redioni, ni kweli. Coastal niliipata mkononi mwa baba. Getini alikuwa ananiambia "jikunje", nionekane mdogo nisilipiwe, na mimi nishatimiza miaka kumi na miwili, nimejitanda kanga ya mama. Ndani tunanunua mihogo ya kukaanga, inafungwa kwenye gazeti na ndimu na pilipili. Coastal ikifunga, baba anaruka, mihogo yote chini. Halafu ananigombeza mimi kwa nini sikuishika. Sasa wewe Jangwani unaniambia mapenzi hayo ni ya bandia kwa sababu nina jezi nyingine kabatini?

Mkali wa Kanuni: Mtu ana timu moja. Mwenye mbili ni mtazamaji tu. Bi Chumbageni, na waume unao wawili?

Bi Chumbageni: Wanaume wenzako wana wake wawili, na kila mmoja anaambiwa ndiye pekee anayependwa. Hao hujawaita watazamaji. Niache na timu zangu.

Mhasibu Mstaafu: Mada ilikuwa mapato jamani.

Jangwani Damu: Mapato baadaye. Mgosi, swali dogo. Fainali ya Kombe la FA 2022 pale Arusha, ile sisi Yanga tuliyowafunga 4-3, ulikaa upande upi?

Mgosi wa Ngamiani: Haikuwa 4-3. Ilikuwa 3-3, mchezaji wetu Sopu katupia zote tatu, mkatutoa kwa matuta, yaani penalti. Jifunze kwanza historia ya timu yako.

Jangwani Damu: Sijauliza matokeo. Nimeuliza upande.

Mkali wa Kanuni: Mgosi?

Bi Chumbageni: Mgosi yupo, namwona kijani hapo juu. Namaanisha taa ya kuwa online 😅

Mgosi wa Ngamiani: Haya. Nilipewa lifti na wenzangu wa kazini, gari zima Yanga. Nikakaa nao, jezi ya Coastal imo kwenye rambo miguuni. Sopu la kwanza, nikanyamaza. La pili, nikabana meno. La tatu nikaitoa kwenye rambo nikaivaa palepale katikati yao. Walioniita msaliti ndio walionilipia mafuta. Kurudi Tanga nilipanda basi. Mmeridhika?

Jangwani Damu: Mpaka la tatu! Mawili ya kwanza ulikuwa nani?

Mhasibu Mstaafu: Mimi nimepata kingine. Kumbe Arusha unafika. Sasa mechi ikihamishiwa huko kinakuuma nini?

Mgosi wa Ngamiani: Fainali inapangwa na TFF, shirikisho la soka, haikuwa yetu kuihamisha. Mechi ya Mkwakwani ni yetu. Mimi nitapanda basi, sawa. Yule mama wa mihogo anapanda basi na karai lake? Wa bodaboda? Mtoto anayejikunja getini atajikunjia wapi? Hesabu zako mhasibu zina safu ya hao?

Mhasibu Mstaafu: Hazina. Na za hao hazina safu ya mishahara.

Mkali wa Kanuni: Bado hajajibu la mawili ya kwanza.

Kimanumanu 36: Sports tunacheza Jumamosi, Mkwakwani. Hakuna aliyewahi kutaka kuihamisha. Karibuni nyote, mje na rangi zote mbili mkitaka.

Bi Chumbageni: Mihogo itakuwepo?

Kimanumanu 36: Ipo. Ila gazeti hakuna siku hizi, wanafungia karatasi za mtihani.