Wachimba mahandaki kulipwa shilingi 6: haki au upendeleo?

Kiboko wa Hoja: Februari 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walianza kuchukua wachimba mitaro ya maji taka wa Manchester, baadaye na wa migodi, wachimbe hadi chini ya miguu ya askari wa Kijerumani ili kuwalipua, kwa shilingi 6 kwa siku. Askari wa miguu alipata shilingi 1. Mtu amelala chali anapiga beleshi mateke, analipwa mara sita!

Fundi Mbao: "Amelala chali"? Tuheshimiane. Unaegemea ubao ulioinamishwa nyuzi 45, unasukuma beleshi kwa visigino, unabinua, bonge linadondoka. Sururu marufuku, adui atasikia. Mwenzako anajaza magunia, wa tatu anavuta toroli. Mbao hazipigwi misumari. Udongo wa mfinyanzi ukivimba unazibana wenyewe.

Mama Chokaa: Hiyo ni Flanders, Ubelgiji, kwenye udongo laini. Chokaa ya Somme, Ufaransa, utaipiga teke mpaka mguu uvunjike. Huko, kijiji cha La Boisselle, walichokonoa kwa singe yenye mpini, pekupeku, jiwe likilegea linadakwa lisianguke. Inchi 18 kwa siku nzima.

Kiboko wa Hoja: Haya, mkao nimekosea. Lakini si walikuwa na ndege wa kunusa gesi? Akinusa, wanatoka.

Fundi Mbao: Kunusa nini? Monoksidi ya kaboni haina harufu! Chiriku ana mwili mdogo na anapumua haraka, sumu inamwangusha kabla ya mtu. Na kucha walimpunguza, la sivyo angezimia huku kang'ang'ania kijiti, nawe unadhani mzima.

Panya Road: Panya nao walitumika, mbona hamuwataji?

Mama Chokaa: Panya anajikunyata tu. Utajuaje kalala au kafa?

Mdogo wa Hackett (jina tu, si ndugu): Mmekaa na ndege! William Hackett, mchimba makaa, jeshi lilimkataa mara tatu kwa umri. Juni 1916, Givenchy, Ufaransa, mlipuko wa Wajerumani uliwafukia watano. Baada ya kama saa 20 waokoaji wakatoboa tundu, watatu wakatoka. Yeye, mzima, akagoma kumwacha majeruhi. Udongo ukawafunika wote wawili. Hizo 6 mnamwonea wivu?

Kiboko wa Hoja: Sijamtaja Hackett. Nimeuliza kuhusu askari wa miguu, wa juu ya ardhi.

Fundi Mbao: Na 6 ni ya fundi wa mbele tu. Msaidizi alipata 2 na peni 2. Mara sita yako iko wapi?

Panya Road: Panya akilala masikio yanacheza. Akifa, hayachezi.

Mama Chokaa: Kwa mwanga wa mshumaa?