Naomba ushauri: nitaitambuaje Beetle ya zamani ikinipita barabarani?

Wakuu, habari zenu. Nina ugonjwa wa kukodolea macho magari ya zamani, na Volkswagen Beetle ndiyo inayonisumbua zaidi. Najua zile za kabla ya 1953 kioo cha nyuma kina vipande viwili, kikafuata chenye umbo la yai hadi 1957, halafu kikaja kikubwa cha mstatili. Shida ni kwamba mafundi hubadilisha vioo na bodi, na gari lenyewe linanipita kwa sekunde chache tu! Ninyi huangalia nini kingine: taa, bampa, vitasa? Na dereva akiwa amekwama kwenye foleni, ni ustaarabu kumwomba nipige picha, au nimwache na safari yake? Namba za usajili huwa nazifuta kwenye picha, hilo halina mjadala.