Tupeane uzoefu: kuunga PlayStation na homthieta nyumbani, nyie wa Unguja na Pemba mmefanyaje?

Mwenye mada

Assalaam alaykum wenzangu. Nimefungua mada hii kwa sababu kila nikipita Darajani na Mlandege nawaona vijana wanatoka madukani na PS4 au PS5, na ukienda majumbani mwao unakuta homthieta ya deki ya miaka ile, spika tano na sabufa lake, imefunikwa kitambaa, haina kazi. Wameambiwa ya zamani haikubali gemu, wanunue saundiba, ile spika moja ndefu ya kuweka chini ya TV. Inaniuma, kwa sababu nyingi katika hizo zinakubali vizuri, ilimradi mtu aigeuze kwanza aangalie nyuma yake kabla hajatoa pesa.

Yangu mimi nimeachiwa na ami yangu wa Kikwajuni. Nyuma ina tundu moja tu la HDMI, ule waya unaobeba picha na sauti pamoja, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanachomeka waya wa PlayStation, haitoki sauti wala picha, wanasema imekufa. Haijafa. Lile tundu limeandikwa HDMI OUT, yaani deki inatoa picha kupeleka kwenye TV, haipokei chochote. Lakini pembeni yake kuna kijitundu cha mraba chenye kifuniko, kimeandikwa OPTICAL IN, yaani kinapokea sauti kwa waya wa optikali, ule unaobeba sauti kwa mwanga. Huo ndio mlango. Waya wake ukiingia sawasawa unasikia umebana "tak", na ncha moja ikiwa kwenye gemu, ile ya pili, kabla hujaichomeka kwenye homthieta, inatoa mwanga mwekundu kama gemu imewashwa. Usipouona mwanga, tatizo liko kwenye gemu au kwenye waya, usianze kufungua homthieta.

PS4 ya mwanzo, ile iliyotoka 2013, ina tundu la optikali. Pro ya 2016 inalo. Slim ya mwaka huo huo haina, na PS5 haina. Kwa upande wa Xbox, One na One S zinalo, Series S na Series X hazina. Mimi ninayo hiyo ya 2013, kwa hivyo HDMI imekwenda kwenye TV kwa ajili ya picha, optikali imekwenda kwenye homthieta kwa ajili ya sauti. Kisha nikaingia kwenye mipangilio ya sauti ndani ya PS4, mlango mkuu wa sauti nikauweka optikali, nikatia alama kwenye Dolby 5.1 (chaneli sita, yaani spika tano na sabufa), na mwisho nikatoa Linear PCM, sauti isiyobanwa, nikaweka Bitstream ya Dolby, sauti iliyobanwa ambayo homthieta inaifungua yenyewe. Hili la mwisho msiliache. Optikali haibebi PCM ya chaneli sita, inabeba mbili tu. Ukiiacha PCM, spika za nyuma zinakaa kimya na unamlaumu fundi bure.

Siku nilipomaliza mdogo wangu alikuwa anacheza gemu la vita. Hatua za adui zikaja nyuma ya kochi, akageuka kuangalia mlango wa ukumbini. Sauti ya namna hiyo watu wanayo ndani ya nyumba zao na hawajaisikia.

Haya, karibuni. Mna kifaa gani na mmekiunga vipi?

Wa Michenzani

Wa alaykumu salaam. Mimi ninayo PS5 na homthieta yenye optikali. Kwa kuwa PS5 haina tundu hilo, nimeichomeka kwenye TV kwa HDMI, na TV ndiyo inayotoa optikali kupeleka kwenye homthieta. Mwanzo ilikuja sauti ya mbele tu. Kumbe pahala pa kurekebisha ni pawili. PS5 yenyewe, kwenye sauti, uitoe Linear PCM uiweke Dolby. Halafu TV nayo ina kipengele cha sauti ya dijitali, uitoe PCM uiweke Auto au Passthrough, yaani ipitishe sauti kama ilivyo. Ukigusa kimoja ukaacha chengine, hupati kitu.

Na mjue kuna TV ambazo Dolby inayoingia kwa HDMI hazipitishi, zinaikata kuwa chaneli mbili hata ufanye nini. Anayenunua TV ya mtumba amwombe muuzaji amjaribishie pale pale dukani.

Jengine ni sabufa. Sisi wa maghorofani ukuta wako ndio ukuta wa jirani, na sakafu yako ndiyo dari ya mwenzio. Bi mkubwa anayekaa chini yangu alipanda mwenyewe, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, vikombe vyangu vinacheza kabatini." Niliona haya kweli. Nikakata kipande cha godoro la zamani nikakiweka chini ya sabufa, nikalitoa pembeni, maana likikaa kwenye kona ya kuta mbili besi inavimba, nikalipunguza mpaka akanambia basi. Na usiku kwenye homthieta nawasha ile night mode, inabana miripuko, maneno yanabaki kusikika. Gemu halipungui raha hata kidogo, na bi mkubwa analala.

Dada wa Chake

Mie niko Pemba. Kwetu ni Nintendo Switch, ya wanangu, waliletewa na mjomba wao. Nataka niseme jambo moja kwa wenye Switch, kwa sababu nimezunguka sana kulipata. Switch haitoi Dolby kabisa. Inatoa PCM tu, na hiyo ya chaneli sita inapita kwenye HDMI peke yake. Ndiyo maana ukiiunga kama alivyounga kaka wa Michenzani, kupitia optikali ya TV, utapata chaneli mbili tu, na wala si kosa lako.

Dawa yake ni risiva, ile mashine inayoendesha spika zote, yenye HDMI IN. Yetu ni ya mtumba kutoka Dubai. Switch inaingia kwenye risiva, risiva inatoa HDMI kwenda kwenye TV, na ndani ya Switch unachagua Surround kwenye sauti ya TV. Ilipokubali, yule mdogo alikuwa anaendesha gari la mashindano, likampita jengine kutoka nyuma kulia likaenda mbele. Akasimamisha gemu akaja kuniita jikoni nikasikilize. Nikaacha chungu nikaenda.

Umeme. Tangu tuungwe na Tanga kwa waya wa chini ya bahari, 2010, tumesahau majenereta, alhamdulillahi, lakini umeme ukikatika ukarudi unarudi kwa nguvu. Risiva na TV vyote viko kwenye staplaiza yenye kuchelewesha dakika kadhaa kabla ya kuachia. Wenye frijigadi ya ziada, kile kifaa cha kulinda friji umeme ukirudi, hata hiyo inasaidia.

Kijana wa Jang'ombe

Sisi tuna sehemu ya kuchezesha gemu, hatuna mambo ya chaneli sita. Sabufa lina matundu mekundu na meupe, tunachukua sauti kwenye tundu la hedifoni la TV, basi. PlayStation tumeiweka chaneli mbili. Gemu la mpira kwa kelele za wachezaji wenyewe linatosha.

Fundi wa Mwanakwerekwe

Nimesoma yote, na Mwenye mada nakuunga mkono. Mimi naongeza ya mezani kwangu.

Kinachoniletea kazi zaidi si waya wa sauti, ni umeme. Vitu vingi vya muziki vya mtumba vinatoka Japani. Geuza kifaa usome kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme. Kikiwa kimeandikwa AC 100V peke yake, hicho ni cha kwao. Umeme wetu ni 230. Watu wananunua adapta ya pini tatu wanadhani imemaliza, na adapta ile haibadilishi umeme, inabadilisha umbo la pini tu. Kinachofuata ni moshi. Ukibahatika inakwenda fyuzi, usipobahatika inakwenda transfoma ya ndani, na transfoma ya risiva kuipata hapa ni shida. Nunua transfoma ya kushusha, yenye wati zaidi ya zile zilizoandikwa kwenye kibandiko. PS5 yenyewe haina tatizo hilo, inakubali kuanzia 100 mpaka 240. Kinachoungua ni homthieta ya Kijapani unayoiunga nayo.

La pili ni bahari. Waliokaa Chukwani, Mazizini, Bububu, popote upepo wa bahari unapoingia dirishani, waya za spika zinaota ukijani kwenye shaba. Spika ya nyuma inaanza kukatakata, inarudi ukiitikisa. Spika nzima haina kosa. Kata ncha ya waya mpaka uione shaba inang'ara, isokote vizuri, ipake risasi ya kuchomelea, ndiyo uirudishe. Na mazingatio: mstari mwekundu uende kwenye nyekundu, mweusi kwenye nyeusi, spika zote. Ukigeuza moja, besi inapotea katikati ya chumba na huwezi kujua kwa nini.

Kijana wa Jang'ombe, kwa biashara yako umefanya sawa. Ila nawaambia wengine, spika tano si lazima iwe 5.1. Kuna masabufa yana spika tano lakini nyuma yana tundu jekundu na jeupe tu. Hayo yanarudia sauti ile ile kila upande. Lenye 5.1 ya kweli lina matundu sita, mbele mbili, kati moja, nyuma mbili na la sabufa, au lina optikali, au HDMI IN.

Wa Mji Mkongwe

Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Ukitoboa ukuta kutundika spika, plagi ya plastiki haishiki, chokaa inamwagika, na tundu linazidi kuwa kubwa. Tena hizi ni nyumba za urithi wa dunia tangu mwaka 2000, mtu hupigi nyundo ovyo. Mimi waya za nyuma nimezipandisha kwenye dari, zikafuata boriti, nikazifunga kwa kamba ndogo, hazionekani. Spika zenyewe nimeziweka juu ya makabati mawili mafupi, pembeni mwa kochi na nyuma kidogo, kwa urefu wa masikio au juu yake kidogo. Watu huzitupa kwenye pembe za mwisho za ukumbi, juu kabisa karibu na dari, halafu wanasema hazisikiki. Ya kati iwe chini ya TV, inawatazama wakaaji. Kuta zetu ni nene, jirani hasikii kitu, hilo namshukuru Mungu.

Wa Fuoni

Jamani nisaidieni. PS4 Slim, na sabufa langu lina yale matundu sita aliyoyasema fundi. Halina optikali. Nimeshaambiwa niuze lote.

Fundi wa Mwanakwerekwe

Usiuze, yakhe. Wewe unahitaji viboksi viwili, vyote vidogo. Cha kwanza kinakaa kati ya PS4 na TV: HDMI inaingia, HDMI inatoka kwenda kwenye TV, na pembeni kinatoa optikali. Kina kiswichi kimeandikwa PASS, 2CH na 5.1CH. Weka 5.1CH. Kikiwa kwenye 2CH, PS4 inaambiwa kwamba mbele yake kuna spika mbili tu na inatoa mbili. Cha pili kinapokea optikali, kinafungua Dolby au DTS (mfumo mwengine kama Dolby), kinatoa waya sita kwenda kwenye matundu yako sita. PS4 yako iweke Bitstream ya Dolby.

Kuna viboksi vinavyofanya kazi zote mbili kwa pamoja, ukikipata hicho unaokoa waya.

Wa Fuoni

Na nikichukua sauti kwenye matundu mekundu na meupe ya hicho kiboksi cha kwanza?

Fundi wa Mwanakwerekwe

Hapo kiswichi kirudi 2CH na PS4 irudi Linear PCM. Nimeletewa kimoja wiki hii, mwenyewe anasema muziki anausikia na miripuko anaisikia ila watu kwenye gemu hawasemi. Kilikuwa kwenye 5.1CH, maneno yamekwenda kwenye chaneli ya kati, na matundu yale mawili hayana kati.

Wa Michenzani

Wa Fuoni, ukiona picha inachelewa nyuma ya sauti, weka TV kwenye game mode, ule mpangilio wake wa gemu. Ikiwa sauti ndiyo inayochelewa nyuma ya picha, tafuta kipengele cha delay, yaani cha kuchelewesha sauti, kwenye hicho kiboksi cha pili ukishushe mpaka sifuri.

Mwenye mada

Wa Fuoni, mimi nina waya wa optikali wa ziada, mita mbili, hautumiki. Uje uuchukue Kikwajuni baada ya Alasiri siku yoyote, usinunue. Na ukishaunga piga picha nyuma ya sabufa uiweke hapa, waya zikionekana, kuna wengi wenye matundu sita kama yako.