Wakuu, hizi tovuti za kuchagua majani ya malisho zinaaminika? Niko Dodoma

NgombeWaChamwino aliandika:

Habari za majukumu wakuu, nisiwachoshe. Niko Chamwino hapa Dodoma, nina ng'ombe chotara wa maziwa wachache wa ndani, chakula chote nanunua. Ikifika mwezi wa nane mpaka mvua zianze robota la hei linapanda bei kila ukipiga simu, halafu ukilifungua unakuta juu nyasi safi katikati mabua matupu ya mtama. Nimechoka. Nina kama ekari tatu nyuma ya nyumba, nataka mvua za Desemba zinikute na mbegu mkononi nipande malisho yangu mwenyewe.

Tatizo ni kuchagua. Magrupu ya WhatsApp wote wanaimba Mulato, jirani ananiambia majani ya tembo ndio mpango mzima, kuna jamaa mwingine ananitumia picha za nepia mtu kasimama pembeni anaonekana kama mtoto wa chekechea na pingili moja anauza bei ya soda. Katika kuhangaika nikakutana na tovuti inaitwa Tropical Forages, unajibu maswali kuhusu eneo lako yenyewe inakuchujia majani yanayofaa, bure kabisa. Nikajaza mvua, nikajaza na matumizi kwamba nakata napeleka bandani, ikanirudishia orodha ndefuuu ya majina ya kisayansi mengine sijawahi hata kuyasikia.

Kuna mtu humu ameitumia akapanda kweli na kikaota kitu? Hivi hao wazungu wanaujua udongo wa Ugogoni? Na kama kuna nyingine nzuri zaidi nipeni. Natanguliza shukrani.

Jembe_la_Kongwa:

Mkuu unatafuta nini mtandaoni wakati Kongwa ipo hapo pua na mdomo? Panda gari nenda kituo cha TALIRI, hawa wa utafiti wa mifugo, ukaone mashamba ya Cenchrus, nyasi ya ukame, kwa macho yako. Mwezi wa tisa jua la kupasua kichwa na majani yamesimama, makavu ndio lakini yapo. Bando lako nunulia vocha umpigie afisa mifugo wa kata.

AfisaMalisho:

Jembe yuko sahihi ila hayo mambo mawili hayagombani. Ngoja nimjibu mleta mada maana hiyo tovuti naitumia kazini.

Kwanza sio kwamba mtu kakaa Ulaya akabuni. Ilianza 2005, walioitengeneza ni watafiti wa CSIRO, shirika la sayansi la serikali, na idara ya kilimo ya Queensland huko Australia, wakishirikiana na CIAT, kituo cha utafiti wa kilimo cha Colombia, na ILRI, hawa wa utafiti wa mifugo wenye makao Nairobi na kambi kubwa Addis Ababa. Mwaka 2020 ikafumuliwa ikatengenezwa upya, sasa hata kwenye simu inafunguka vizuri. Na kuhusu udongo wa Ugogoni nikuchekeshe kidogo: fungua ukurasa wa Cenchrus ciliaris, shuka mpaka kwenye aina zilizosajiliwa, utakuta moja inaitwa Biloela, inapandwa Queensland miaka na miaka. Asili ya mbegu yake ni Dodoma. Kwa hiyo wanaujua udongo wenu kuliko unavyodhani.

Pili, orodha yako ni ndefu kwa sababu umejibu maswali mawili tu. Ile kitu inafanya kazi kwa kukata, kila ukijibu swali majani yanapungua. Swali ambalo kwa Dodoma linachinja kuliko yote ni urefu wa kiangazi. Watu wanajaza mvua milimita 550 mpaka 600 wanaona wamemaliza, wakati zenu zote zinamwagika kati ya Desemba na Aprili halafu miezi kama saba hamna kitu. Kuna majani yanavumilia mvua ndogo iliyotawanyika mwaka mzima lakini miezi saba bila tone yanakufa mpaka mzizi. Hapo ndio utaona Mulato II inaondoka kwenye orodha, ile inataka milimita kama 700 kwenda juu na kiangazi cha miezi mitano sita hivi ndio mwisho wake. Wanaoiimba kwenye magrupu hawadanganyi, uliza tu wako wapi, wengi utakuta Kagera, Mbeya, Njombe huko. Nepia, ambayo ndio hayo hayo majani ya tembo ya jirani yako, ndio kabisa, yenyewe inafurahi milimita 1000 na kuendelea, kwako labda mistari miwili inayokunywa maji ya kuoshea banda.

Tatu jaza pH ya udongo, yaani kipimo cha uchachu wake. Kama huna kipimo kuna ramani inaitwa iSDAsoil, nayo bure, unaisogeza mpaka shamba lako unabofya inakupa makadirio ya pH, mchanga na mfinyanzi ni kiasi gani, kwa vipande vya mita 30 kwa 30. Nasisitiza ni makadirio, kama unataka uhakika chukua sampuli upeleke maabara ya udongo ya chuo cha kilimo SUA pale Morogoro.

Sasa swali langu kwako: hizo ekari tatu zote udongo ni mmoja?

NgombeWaChamwino:

Mkuu asante sana hii ni shule. Hapana sio mmoja, juu ni kichanga chekundu, ukichimba kidogo tu jembe linaimba, chini kama ekari moja ni mbuga nyeusi, kiangazi inapasuka nyufa mguu unaingia na Februari maji yanatuama hata wiki.

AfisaMalisho:

Basi una mashamba mawili hayo, na tovuti unaiendesha mara mbili. Ukichanganya kichanga na mbuga kwenye fomu moja itakupa majani ya wastani ambayo hayapendi huku wala kule.

Juu: udongo mwepesi, usiotuamisha maji, kiangazi kirefu. Cenchrus atabaki, sina wasiwasi. Kwa jamii ya kunde angalia Stylosanthes scabra au hamata, hizo zinakubali kichanga kisicho na mbolea. Chini: weka mfinyanzi mzito na maji kutuama kwa muda, utaona Cenchrus mwenyewe anatoka maana hapendi miguu kulowa. Itabaki Clitoria ternatea, ile yenye ua la bluu, inapenda udongo mweusi wa kupasuka. Na kwenye nyasi inaweza kukupa Panicum coloratum aina ya Bambatsi ambayo kwa mbuga inayofurika ni hatari kwa uzuri. Ila usishangilie mapema. Bambatsi uliza Dodoma nzima uone kama kuna duka limewahi kuisikia. Tovuti inajua kipi kitaishi kwako, haijui mbegu inauzwa wapi wala bei gani.

Halafu ukishapata majina matano sita acha kuchuja, bofya kila jina usome ukurasa wake mpaka chini. Kuna sehemu ya sumu, kuna wadudu na magonjwa, kuna sehemu inasema kama linaweza kugeuka gugu. Watu wanaishia kwenye orodha wakati utamu wote uko ndani.

Mutua_Makueni:

Hiyo ya gugu musiichukulie hivi hivi. Nyinyi mumesikia mathenge, ule mti wa Baringo huku Kenya? Prosopis ilipandwa miaka ya 80 kuzuia jangwa, leo imemeza malisho na mbuzi wanaoza meno kwa sababu ya maganda yake matamu. Mti ukifaa hali ya hewa yenu sana, huo ndio wa kuulizia maswali mara mbili.

Mimi niko upande wa Makueni, mvua yetu na ya Dodoma hazipitani sana, ingawa sisi tunapata misimu miwili. Hapa Kiboko kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, wamefanyia kazi nyasi za asili za ukame: Cenchrus ciliaris, Eragrostis superba, Enteropogon macrostachyus na Chloris roxburghiana. KALRO pia wako na apu kadhaa za simu za wakulima na kuna mambo ya malisho ndani, lugha ni ya kawaida kuliko hiyo ya watafiti. Halafu wakulima huku wanachanganya, hawapandi moja. Eragrostis ng'ombe anaipenda sana, Enteropogon inaota haraka, Cenchrus ndio inabaki kiangazi. Na mbegu tunauza, kuna wamama hapa pesa ya mbegu inapita ya maziwa.

MamaNdama_Muheza:

Mwanangu wa Chamwino usisahau miti. Nyasi kavu peke yake haitoi maziwa. Protini ya nyasi ikishuka chini ya asilimia kama 7 ng'ombe anakula anashiba na anakonda, vijidudu vya tumboni vinakosa nguvu ya kusaga. Panda lusina pembezoni mwa shamba, majani yake protini inafika 20 na zaidi, mizizi inaingia chini sana hata kiangazi inabaki kijani. Ila isizidi karibu theluthi ya chakula chote, ina kitu kinaitwa mimosine, ukizidisha mnyama ananyonyoka manyoya na tezi ya shingo inavimba. Mbegu loweka maji ya moto kwanza, ukiitupa hivyo hivyo utasubiri mpaka uchoke. Na usiache ikazaa ovyo, kata mapema, maana nayo ni msumbufu ikipata nafasi.

Na huyo AfisaMalisho asiwape Dodoma sifa zote 😂 Kwenye hiyo hiyo tovuti fungua ukurasa wa Panicum maximum, siku hizi wameibadilisha jina wanaiita Megathyrsus. Zile aina za Brazil zinazouzwa kwa mbwembwe, Mombaça na Tanzânia, zilichukuliwa kwetu Korogwe miaka ya 60, Wabrazil wakazichambua wakazitoa miaka ya 90, leo tunaziagiza kwa pakiti ya kung'aa. Korogwe ukishuka kwenye basi ni majani ya kando ya barabara hayo.

Jembe_la_Kongwa:

Mama umeniua 😂😂 ina maana tunanunua ya kwetu wenyewe kwa dola

MamaNdama_Muheza:

Tuwe wakweli, wamezichambua sana, si sawa na ile ya barabarani. Ila kijana wa Chamwino hizo ziache, zinataka mvua ya huku kwetu.

Mdau_Kimya:

Naongezea Feedipedia. Hiyo haichagui cha kupanda, ila ukishajua jina la jani au pumba au mashudu inakupa virutubisho vyake kwenye jedwali, imetengenezwa na Wafaransa wa INRAE na CIRAD pamoja na FAO. Mimi niliitumia kulinganisha mashudu ya alizeti na ya pamba kabla ya kununua. Angalia tu uko mstari gani, Cenchrus mbichi changa na Cenchrus kavu ya kiangazi ni kama vyakula viwili tofauti.

NgombeWaChamwino:

Wakuu nimerudi. Nimeendesha mara mbili kama nilivyoelekezwa, na ile ramani ya udongo ikanipa pH kama 6 juu na karibu 7 na nusu kwenye mbuga. Juu imebaki orodha fupi, Cenchrus yumo na Stylosanthes zote mbili zimo. Chini imebaki Clitoria na hiyo Bambatsi na vingine viwili vitatu, nikavitafuta madukani hapa mjini wakanitazama kama natafuta dawa ya mapenzi. Mulato imekatwa kote kote, nimemtumia jamaa wa grupu skrinishoti hajajibu mpaka sasa. Kwa hiyo juu Cenchrus na Stylo, chini Clitoria, lusina kwenye mpaka. Mbegu ya Cenchrus nichukue wapi na nikague nini nisiuziwe makapi?

AfisaMalisho:

Anza na TALIRI Kongwa au Mpwapwa, wakiwa hawana jaribu shamba la serikali la Vikuge kule Kibaha. Ukinunua dukani hakikisha ina lebo ya TOSCI, hawa wanaothibitisha ubora wa mbegu.

Kukagua: mbegu ya Cenchrus ni nyepesi ina manyoya kama pamba, kwa hiyo unaweza kuuziwa gunia la manyoya matupu. Chukua kishada kimoja kisugue viganjani, ndani kuwe na punje ngumu. Vishada kumi ukikuta punje kwenye viwili, mrudishie. Jambo lingine, usikimbilie iliyovunwa juzi. Mbegu mpya inalala, haioti vizuri mpaka ikae miezi sita na kuendelea ghalani, ukisikia "mpya kabisa toka shambani" ujue kwa Cenchrus hiyo sio sifa. Hesabu mbegu 100, zitandaze kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani, funika, baada ya kama wiki mbili hesabu zilizochipua.

Kupanda changanya na mchanga au samadi kavu maana manyoya yanaganda mkononi, usifukie zaidi ya sentimita moja mbili, pitisha tawi juu basi. Mwaka wa kwanza usiingize ng'ombe shambani kabisa, kata yakianza kutoa maua halafu yaache yajijenge.

Mutua_Makueni:

Na wakati wa kukata usinunue mashine. Piga sanduku la mbao, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45, chini hakuna na juu hakuna, unatandika kamba, unajaza nyasi kijana anakanyaga, unafunga. Robota linatoka kama kilo 20. Huko ndani utajua mwenyewe umeweka nini.

NgombeWaChamwino:

😂😂 hilo la mwisho nimelielewa vizuri sana. Jumatatu niko Kongwa, Jembe kama uko karibu nitumie namba inbox tuonane pale kituoni.

Jembe_la_Kongwa:

Njoo asubuhi, kabla ya jua. Na uje na gunia lako.