Uliwahi kuwa kwenye mfuko wa uwekezaji unaoendeshwa na wanafunzi chuoni? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za saa hizi.

Nipo mwaka wa pili. Chuoni kwetu kuna mfuko wa uwekezaji ambao wanafunzi ndio wanaouendesha. Hela ni za kweli, zilitolewa na wahitimu wa zamani. Wanafunzi wanachambua kampuni, wanapiga kura, mwalimu mlezi anasaini. Fomu zimetoka, mwisho wiki ijayo. Kuna wanaoniambia ndiyo njia ya kupata kazi benki, na kuna wanaosema ni kikundi cha wavaa tai wanaocheza na chati. Mliopita huko mlikutana na nini? Msinifiche.

Mchambuzi Mstaafu

Karibu mdogo wangu. Mimi nilikaa miaka miwili na nusu. Jambo ambalo fomu haitakuambia ni kwamba mwaka wa kwanza kuna uwezekano mkubwa usinunue hisa hata moja. Utapangiwa sekta, utapewa mkubwa wa kumfuata, utasoma taarifa za fedha mpaka macho yaume. Soma hasa yale maelezo ya nyuma yenye herufi ndogo, ndiko madeni na kesi zinakojificha.

Siku ya kwanza kutetea hisa, yaani kuwashawishi wenzangu tuinunue, nilikwenda na slaidi 22. Nilikuwa nimejenga jedwali la Excel la kukadiria fedha ambazo kampuni ingeingiza miaka ijayo, nikazirudisha kwenye thamani ya leo, ikatoka kwamba hisa inauzwa kwa bei ya kutupa. Dada mmoja wa mwaka wa mwisho akaniomba nibadilishe namba moja tu: ukuaji wa muda mrefu, kutoka asilimia 4 hadi 3. Kiwango cha punguzo, ile asilimia ya kuzirudisha hela za kesho kwenye thamani ya leo, nilikuwa nimeweka 9. Nikabadilisha pale pale, watu wote wanaangalia ukutani. Thamani ya ile miaka ya mbali ikashuka kama moja ya sita, na unafuu wote niliokuwa nauhubiri ukayeyuka.

Akauliza, "Hiyo 4 umeitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliiweka kwa sababu ilinipa jibu nililolitaka. Kura zikawa 3 za ndiyo na 14 za hapana, na moja kati ya hizo 3 ilikuwa yangu.

Binti wa Maabara

Nacheka kwa sauti hapo kwenye kura 😂

Mimi nilikuwa nasoma baiolojia. Mizania, ile taarifa ya mali na madeni ya kampuni, nilikuwa naichanganya na mizani. Niliomba kwa kusukumwa na mwenzangu wa chumba. Kwenye usaili tuliambiwa kila mtu aeleze biashara anayoielewa. Walionitangulia wote walizungumzia Apple na Tesla. Mimi nikaeleza mashine moja ya maabara yetu: kuinunua unainunua mara moja, ila vimiminika vyake haviendi bila jina la mtengenezaji yule yule, na vinaisha kila baada ya wiki chache. Nikasema, mwenye mashine haendi kokote. Basi, nikachukuliwa.

Wakaniweka timu ya afya. Wa uhasibu walikuwa hodari kuliko mimi kwenye namba, lakini mimi ndiye niliyeuliza hataza ya dawa kuu ya kampuni, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, inaisha lini. Ilikuwa imebaki miaka mitatu, na dawa hiyo ilibeba zaidi ya nusu ya mauzo. Kwa hiyo usiogope kama husomi fedha. Uhasibu wa kukutosha utaupata ndani ya muhula mmoja ukikaza.

Mbeba Begi

Nilikataliwa mara mbili. Mara ya pili niliulizwa kwa nini naipenda hisa fulani, nikasema kwa sababu imepanda sana. "Na ikishuka?" Nikasema nitauza. Msaili akaandika kitu, akafunga daftari. Sina la kuongeza.

Katibu wa Zamani

Ngoja niseme upande ambao wengi hawausemi. Tatizo kubwa la mifuko hii ni kwamba wenye mfuko wanahitimu. Nilipopewa ukatibu tulikuta hisa tano ambazo hakuna aliyejua zilinunuliwa kwa nini. Tuliziita hisa za urithi. Nilitafuta kumbukumbu, nikapata slaidi moja yenye picha ya kiwanda na maneno "nafasi kubwa ya kukua". Hebu uza au shikilia kwa ushahidi huo!

Halafu ikaja Machi 2020. Fahirisi ya S&P 500, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilishuka takribani asilimia 34 kati ya Februari 19 na Machi 23. Chuo kimefungwa, watu wametawanyika, mmoja yuko kwenye basi, mwingine intaneti inakatika kila dakika. Kanuni yetu ilidai akidi ya theluthi mbili ndipo kura ihesabike. Tulijaribu Zoom mara tatu, akidi haikutimia. Nusu yetu tulitaka kuuza kila kitu. Fahirisi ilirudi kwenye kilele chake Agosti ya mwaka huo huo, na wapo waliojisifu kwamba tulikuwa na uvumilivu. Uvumilivu gani? Tulikosa watu wa kupiga kura.

Baada ya hapo tukabadilisha fomu. Kila anayependekeza hisa alilazimika kuandika, kabla ya kura, ni kitu gani kikitokea kitamwonyesha amekosea. Sentensi mbili tu. Watu walilalamikia hizo sentensi kuliko jedwali lolote la Excel.

Mchambuzi Mstaafu

Katibu umenigusa. Na mdogo wangu usione haya kubanwa maswali. Mchumi wa Marekani Harry Markowitz alikuwa bado hajamaliza shahada ya uzamivu alipochapisha makala yake ya 1952 kuhusu kugawanya uwekezaji. Wakati wa kutetea tasnifu, mchumi mashuhuri Milton Friedman alimwambia hiyo si kazi ya uchumi. Nobeli ya uchumi ikaja 1990.

Mwanzisha mada

Asanteni sana wakuu. Swali la pembeni: je, wanachama wanachangia mtaji?

Katibu wa Zamani

Kwetu hapana, faida yote ilibaki mfukoni na nyingine ikaenda kwenye ufadhili wa masomo. Vipo vikundi ambavyo wanachama wanachanga, hapo soma katiba, hasa kifungu cha kujitoa. Ila ukiambiwa ulete watu wawili ili upate chako, huo si uwekezaji, toka mbio.

Mwanzisha mada

Nimejaza fomu. Nimekwama swali la 6: "Eleza uamuzi wako mmoja uliokuwa wa makosa, na ulijuaje."

Binti wa Maabara

Hilo ndilo sisi tulikuwa tunaanza kulisoma. Usiwaandikie kwamba wewe unajituma kupita kiasi.

Mwanzisha mada

😂 Nilikuwa nimeshaiandika hiyo. Nafuta.